Miwani Moja, Wanafunzi Wawili

Marwa, mura wa rika langu,

Naanza na habari njema, maana unanijua, mabaya huwa nayakalia kama gunia. Mimi ni mtu wa bahati. Zunguka Robanda yote, nenda Morotonga, rudi mpaka kwetu Susuni, unitajie mtu mwingine wa miaka arobaini na nane aliyesimama mbele ya darasa la chuo kikuu akaeleza mpango wake wa taaluma, watu wakapiga makofi hadi mbuzi wa mlinzi wakakata kamba. Hayupo. Ni mimi, Jumamosi iliyopita. Madam Neema akasema, "Mzee Mwita, huu mpango ufike wilayani." Wilayani, mura! Na nilikuwa nimevaa lile koti la kahawia, ulilosema linanifanya nifanane na mchungaji aliyefukuzwa kanisani.

Basi, hilo ndilo kubwa. Sasa nikupe na mengine.

Miwani yako ninayo mimi. Mkeo Bhoke alinipa siku ya nne baada ya kukuzika. Alikuwa ameifunga kwenye leso, akanishikisha mkononi kama mtu anayekabidhi kifaranga. "Shemeji, marehemu alikuwa anasema hii ni yenu wawili." Nikacheka, halafu nikatoka nje kwenda kumtazama ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Ni kweli ilikuwa yetu wawili. Tuliinunua Sirari siku ile tuliyopata majibu ya mtihani wa kuingia chuo, ule wa watu wazima, tukakubaliana kusoma kwa zamu. Zamu gani, bwana? Tangu siku ya kwanza ulivaa wewe. Ulisoma kwa sauti pale kibandani kwako getini mwa kambi ya watalii, mimi nikiosha gari la wageni na kukujibu kwa mifano. Wewe macho, mimi mdomo. Ukikwama kwenye neno gumu, nakupa kisa cha mzee fulani na mbuzi wake, neno linaeleweka. Tukafika mwaka wa pili hivyo hivyo, na watu wakasema, wale wawili wa kambini wana akili. Siku moja ulivua miwani ukaifuta, ukaniuliza, "Mwita, siku nikikosekana utasoma kwa pua?"

Nilicheka sana siku ile.

Marwa, nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Ukurasa mmoja, asubuhi nzima. Nilikuwa najua sikumaliza shule, wewe pia hukumaliza, tuliishia wote kidato cha pili. Ila sikujua kwamba wewe uliendelea kujifunza na mimi niliendelea kuongea tu.

Jumamosi ya kwanza baada ya msiba niliingia darasani peke yangu. Kiti chako vijana walikuwa wamekiwekea mabegi. Madam Neema akainua macho kunitazama, na mdomo wangu, huu mdomo ninaoutegemea, ukafunguka wenyewe: "Shikamoo." Binti wa miaka ishirini na tisa, mura! Na yeye ndiye aliyekuwa anajiandaa kuniamkia mimi. Darasa likaanguka kwa kicheko. Kijana wa nyuma akapaza sauti, "Babu ameanza upya!" Nikainama kama mtu aliyepanga utani wake tangu nyumbani, nao wakacheka zaidi. Lakini haukuwa utani. Nilimwamkia kwa sababu nilimwogopa.

Halafu akatupa kazi. Karatasi moja, swali moja: miaka kumi ijayo unajiona wapi? Kila mtu aandike mpango wake, halafu asimame aueleze mbele ya wenzake, asiyefanya hivyo hafiki mafunzo kwa vitendo. Vijana wakaandika kama mvua. Huyu mkurugenzi, yule balozi, mwingine ana shirika lake Dodoma. Mimi nikahesabu vidole. Miaka kumi ijayo nina hamsini na nane. Matangazo ya kazi yanasema usizidi arobaini na mitano. Hilo tulilijua tangu mwanzo, na wewe ndiye uliyenituliza: "Kazi ya serikali imetupita. Ya kijiji haijatupita." Ukiwa hai lilikuwa neno zito. Sasa nalirudia peke yangu, nalisikia linagonga kama debe tupu.

Na kuna jambo sijamwambia mtu, hata Robi mke wangu. Swali lile wewe ulikuwa umeshalijibu kabla halijaulizwa. Jibu nimelikuta kwenye daftari lako. Umeandika kwamba miaka kumi ijayo uko kwenye ofisi yenye madirisha mawili, moja linatazama hifadhi, moja linatazama mashamba, na mwenye shamba haogopi kuingia. Mwandiko wako ule wa kunyooka. Wiki tatu baadaye ulianguka pale getini, asubuhi, ukungu haujainuka, daftari lenyewe likiwa mkononi. Daktari alisema ni presha. Akanigeukia: "Na wewe mzee, uje upime." Nikamwambia mimi presha ndiyo inaniogopa. Sijaenda. Kila nikishika kalamu niandike "miaka kumi ijayo" nakuona umelala kwenye changarawe, na kalamu inakuwa nzito kama jembe.

Shambani kwako tembo wameingia mara mbili. Mahindi ya upande wa mto yote chini, yamekanyagwa kama mkeka. Bhoke alienda ofisi ya kijiji, akaambiwa alete maelezo kwa maandishi. Akaja kwangu. "Shemeji, si wewe msomi?" Nikavaa miwani yako. Kuanzia saa nane mchana mpaka jua linazama, mistari kumi na mmoja. Nikatembea naye shambani tukapima kwa hatua, nikachora na nyayo zilipopita, kama tulivyofundishwa kwenye lile somo la kukusanya taarifa. Siku ya pili akaja mama mwingine. Siku ya tatu wakaja wawili na kiti chao. Wote wana mashamba, wote wameambiwa walete maandishi. Nawaandikia, Marwa. Polepole, nafuta, naanza tena. Hawanicheki. Mmoja aliniambia, "Wewe andika tu, sisi tutasubiri, tembo mwenyewe hana haraka."

Hicho ndicho nilichoandika kwenye ile karatasi. Kwamba miaka kumi ijayo nitakuwa mtu wa kukaa kati ya mwenye shamba na ofisi. Nikaliiba dirisha lako moja. Lile la mashamba.

Sasa, unakumbuka Susuni. Mstari wetu alfajiri ile, tumesimama, baridi inauma, shangazi zetu wanaimba na marungu juu. Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba siku ya kutahiriwa sikupepesa hata jicho. Nimewaambia wachimba dhahabu, nimewaambia wazungu kwenye gari, nimewaambia wanangu. Wewe ulikuwa unakaa pale pale unasikiliza, unakohoa kidogo, basi. Hukuwahi kusema. Ngariba alipofika kwa yule aliyenitangulia, kisigino changu kiliinuka. Nilikuwa nimeshaona upenyo kati ya shangazi wawili. Nilikuwa naondoka, Marwa, na aibu yake ingekaa na sisi mpaka wajukuu. Ukaweka mguu wako juu ya wangu, ukaukandamiza. Hukunitazama. Ulikuwa unatazama mbele kama jiwe, na mguu wako ulikuwa unatetemeka juu ya wangu.

Jumamosi iliyopita nilifika chuoni mapema. Koti la kahawia, karatasi mfukoni, miwani puani. Kiingereza changu unakijua, ni cha kuwaonyesha wageni simba kulia na choo kushoto, lakini nilikuwa nimekariri. Nikasimama nje ya mlango. Ndani yule kijana anayetaka kuwa balozi akamaliza. Madam Neema akaita, "Mwita." Nikautazama mguu wangu wa kushoto. Hakukuwa na kitu juu yake.

Usikohoe, mura. Nakusikia. Namalizia.

Madam alinipigia simu juzi. Hakunigombeza. Alisema, "Mzee wangu, Jumamosi hii ni ya mwisho, baada ya hapo hata mimi sina uwezo." Nikamjibu nilikuwa na dharura ya ng'ombe. Akasema, "Ng'ombe tumsamehe. Wewe njoo."

Basi nakuahidi haya, nawe shahidi wangu huwezi kunikana. Ijumaa nakwenda zahanati, nanyoosha mkono, napimwa, hata kama namba itanitisha. Jumamosi saa tatu niko pale. Nitaingia nikiogopa. Nitasoma polepole, na kijana wa nyuma akicheka acheke. Nikishindwa, nitashindwa nikiwa ndani. Shamba lako nitalitazama, na Bhoke hatatembea ofisi yoyote peke yake.

Pumzika, mwenzangu wa rika. Ardhi ya Susuni isikuelemee. Miwani nitaitunza.

Na yale makofi hayakuwepo, Marwa. Niliposikia jina langu nilikimbia.

Mwita