Mshipa wa Baba Kwenye Laptop

Odeta, usinipigie. Baba yuko hapa pembeni, siwezi kuongea.

Si unajua juzi alipimwa ultrasaundi hapa Mpanda kwa yale maumivu ya tumbo? Daktari akasema mshipa mkubwa wa damu umevimba, aende hospitali ya rufaa. Baba akagoma, anataka kurudi kijijini Mwese kuvuna maharage.

Leo asubuhi nikaingiza vipimo vyake kwenye programu yangu ya chuo, ile inayoonyesha jinsi ukuta wa mshipa unavyokua na kujijenga upya. Nilitaka tu nione uvimbe unatulia, hauongezeki.

Haukutulia. Nikarudia. Haukutulia. Mshipa unatanuka tu, ukuta unazidi kuwa mwembamba, karibu kupasuka.

Kumbe baba amesimama nyuma yangu na begi lake la safari.

"Emelyne, huo mshipa wa nani?"

Nikasema, "Wa mtu wa mfano tu, baba."

Akauangalia weee. "Huyo mtu mwenyewe anajua?"

Nikaanza kuifunga laptop.

"Mwambieni. Msimfiche."

Msimfiche, Odeta!

Nikamwambia, "Ni wako, baba." Sauti yangu kama nasoma tangazo. Nikamwambia pia kwamba kompyuta inaweza kukosea.

Hajabisha. Ameweka begi chini, akaomba nimwonyeshe tena, polepole. Nikamwonyesha mpaka mwisho.

Sasa anauliza basi la kwenda rufaa linaondoka saa ngapi, na kama nitakaa naye kiti kimoja.

Nimesema ndiyo. Sijalia.