Utosi wa Kofia

Jumapili, tarehe 14 Juni

Kwako Dada Mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na umfikishie mumeo, mwanyumba wangu, zake. Mwambie viatu vyake vyeusi nilishavimaliza zamani na vinamngoja kibandani. Goti lako je? Bado unalikanda kwa maji ya moto asubuhi, au umeligombeza mpaka limenyooka lenyewe? Sisi huku ni wazima. Nyumba ina ukimya wake, lakini siku hizi nikiamka sitegi tena sikio kusikia kama mdogo wako ameshabandika chai. Nabandika mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa kama maji ya kuoshea vikombe. Sasa inanyweka.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu zipo. Nina jambo ambalo kwenye simu lingekatika katikati, tena nina kitu cha kukutumia. Ndani ya bahasha kuna kikaratasi kilichokunjwa. Nakuomba usikifungue kwanza, soma hadi mwisho.

Siku nilipokupigia kukuambia tumepata mjukuu nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi wa hospitali, vitanda vinasukumwa huku na huku, sikuweza kueleza vizuri. Ni msichana. Amekuja kabla ya siku zake, mtoto njiti kama wanavyosema, mdogo kiasi kwamba niliogopa kupumua karibu naye. Binti yetu alifungiwa mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wakafunikwa shuka pamoja ili joto la mama liwe ndilo joto la mtoto. Kinachobaki nje ni kichwa. Muuguzi wa wodi ile, mama mmoja asiye na maneno mengi, alitueleza kwamba joto la watoto hawa hutorokea kichwani, na kwamba huyu anahitaji kofia ya sufu inayoshika bila kubana na isiyoteleza. Nikaenda madukani. Kofia niliyorudi nayo, ndogo kuliko zote walizokuwa nazo, ilimmeza mtoto mpaka kidevuni. Muuguzi akasema babu ameleta soksi. Tukacheka. Kisha akamgusa mtoto paji la uso, akaacha kucheka, akaomba shuka lingine.

Hapo ndipo binti yetu aliponiuliza iko wapi kofia ya mama yake.

Unaijua kofia hiyo. Mdogo wako aliianza siku ile ile alipoambiwa kwamba atakuwa bibi, akiwa bado na nguvu zake, ule uzi wa njano kama kiini cha yai ukitokea kwenye mdomo wa birika bovu alimouweka ili usibingirike chini. Baadaye akalazwa, akarudi, akawa anafuma mzunguko mmoja kwa siku, kisha nusu, kisha anaishika tu. Ulipokuwa unaondoka baada ya msiba uliitoa birikani, sindano bado imeshikilia kitanzi cha mwisho, ukaniambia asiiguse mtu. Ibaki kama alivyoiacha, utakuja kuichukua mwenyewe. Nikakubali, na nilimaanisha.

Nikamweleza binti kwamba kofia ile ilipimwa kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, na kwamba kichwa cha huyu kingepotelea humo. Akanyamaza. Kunyamaza kwake unakujua, amekurithi kutoka kwa mama yake, ni bora akutukane. Ndipo nikasikia mdomo wangu unasema kwamba nitamfumia mtoto kofia mimi. Binti alicheka mpaka muuguzi akamwambia atulie, anamtikisa mtoto.

Sasa fikiria, dada. Mimi ambaye mdogo wako hakuniruhusu hata siku moja kushika uzi wake, kwa sababu ya mikono hii yenye gundi na dawa ya viatu. Nikiusogelea tu, ananielekezea sindano kama mtu anayefukuza kuku. Nilichukua sindano nyingine kwenye kikapu chake, ile ya mbao yenye kindoano kwenye ncha, na mabaki ya uzi wa bluu. Nikajiambia kwamba hata sindano yangu ya kushonea soli ina kindoano, kazi ni ile ile. Nikaenda kumwomba Kasuku anifundishe. Kasuku ni yule jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye ulisema akikaa kimya ni dalili ya homa. Yeye na marehemu ndio waliokuwa wakifuma pamoja barazani. Alijitolea kuifuma yeye. Nikamwambia ahsante shoga wa mke wangu, lakini nataka itoke nyumbani kwetu. Akaniangalia, akasema basi nikanawe mikono. Nilinawa kwa ndimu na mchanga mpaka akaniuliza kama naenda kuposa.

Kofia ya kwanza niliifuma kibandani, katikati ya wateja. Bila kufikiri niliupitisha uzi kwenye nta, kama ninavyofanya kila siku ya maisha yangu, na kila kitanzi nikakivuta mpaka kikalia. Kasuku alipokuja aliishika, akaigonga kwa kidole, ikatoa sauti. Akaniuliza kama mtoto anaenda machimboni. Akasema ningeiwekea kisigino tu ingetembea. Mteja mmoja aliyekuwa amekaa na mguu mmoja peku alicheka mpaka akanionea huruma, akaahidi kwamba hatamwambia mtu.

Kilichonishinda kwa muda mrefu ni kuacha uzi ukae bila kuuvuta. Kiatu usipokikaza kitafunguka barabarani na mwenyewe atarudi kukutukana. Kofia ya mtoto ukiikaza umemfunga chuma. Kasuku aliniambia nishike uzi kama nimeshika kidole cha mtoto mwenyewe, na hapo mkono ukaelewa. Muuguzi alikuwa amesema kichwa cha mjukuu wangu ni kama chungwa kubwa, basi nikanunua chungwa kubwa likawa kalibu yangu, kama ile ya kuundia viatu. Binti alikuwa amekipima kichwa kwa uzi, nami nikachagua lililolingana nao. Wateja walikuwa wakiniona nalivisha chungwa kofia, nalivua, nalivisha tena. Mmoja akaniuliza kwa upole kama tangu msiba napata mtu wa kuzungumza naye.

Pembeni niliweza, dada. Mizunguko ya kushuka masikioni ilitoka sawa sawa, hata Kasuku alisema tu hm. Utosi ndio ulionigomea. Kofia hii huanzia juu, kwa kitanzi kimoja katikati, kisha unazunguka na kuongeza, unazunguka na kuongeza, na ukikosea kuongeza panatokea kichuguu au tundu. Yangu yote yalikuwa na kichuguu, na pale ndipo kichwa cha mtoto kilipo laini, panapodunda. Sikutaka kumweka hapo kitu kibaya. Siku zilikuwa zinapita na mtoto analala na kitambaa kichwani kilichokuwa kikifunguka kila akigeuzwa. Nikapata njia. Nitakueleza.

Kwanza nikueleze ilivyokuwa nilipoipeleka. Muuguzi aliichukua, akaivuta huku na huku, akaingiza vidole ndani, akaangalia mshono kwa ukali wa mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akamvisha. Ilikaa, dada. Ilishuka ikashika masikio yote mawili na kusimama juu kidogo ya nyusi, kama imezaliwa naye. Muuguzi akauliza imenunuliwa duka gani. Binti yetu akasema kwamba ameifuma fundi viatu. Kina mama wa vitanda vya jirani wakacheka, mmoja akasema basi amuulize fundi huyo kama anatengeneza na waume. Mimi nilikuwa pale mlangoni na aproni yangu yenye madoa, nikainua mkono kama mwanafunzi. Muuguzi alinitazama, akatazama kofia, hakucheka. Alisema kazi ni safi. Nilirudi kibandani nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kesho yake alimgusa paji la uso akasema sasa huyu ana joto lake. Tangu hapo anaongezeka, ananyonya mwenyewe, na anapiga kelele ambazo hatujui amezipata wapi, ingawa tukitaja jina lako binti anacheka. Wiki hii wamewaruhusu kurudi nyumbani. Nilishaliambia kila goti lililokaa kwenye kiti changu cha wateja. Mtu anakuja kushonewa mkanda wa ndala anaondoka anajua urefu wa mjukuu wangu.

Sasa ile njia niliyoipata.

Dada, kofia aliyoivaa ndiyo ile uliyoniambia isiguswe. Nimeifumua.

Sikukupigia kukuuliza. Nilijua ungekubali mdomoni kwa ajili ya mtoto, kisha ungekaa na simu mkononi ukilia, na mimi nisingeweza kuvuta hata uzi mmoja. Nilifanya mchana, kibandani, mlango wazi. Kasuku alikaa karibu yangu na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakusema neno.

Kufumua huanzia mwisho kurudi mwanzo. Vilivyotoka kwanza ni vile vitanzi vya siku zake za mwisho. Vilikuwa vilegevu, kimoja kikubwa kingine kidogo, mahali pengine ameruka. Vilitoka vyenyewe, bila nguvu. Kadiri nilivyorudi nyuma vikaanza kulingana, vikaanza kukaza, mpaka nikafika pale alipokuwa mzima, na hapo uzi ukanigomea, ikabidi niuvute. Nilifurahi ulivyonigomea. Ilikuwa kama natoka naye hospitali, tunarudi kidogo kidogo, tunapita mlangoni, mpaka kwenye kiti chake sebuleni siku ile alipoambiwa atakuwa bibi. Kila nilipofumua kidogo niliweka juu ya chungwa nikapima. Pale palipolingana nikasimama. Mkononi nilibaki na utosi peke yake, mduara mmoja wa njano, laini, hauna kichuguu, kazi ya mwanamke mwenye afya yake. Nikachomeka sindano yake kwenye kitanzi chake na kuanzia hapo nikaendelea mimi.

Kwa hiyo mjukuu wetu juu kabisa, pale panapodunda, amefunikwa na bibi yake. Masikioni amefunikwa na babu. Muuguzi hakuona tulipopokezana, na Kasuku ambaye alikuwepo hapaoni tena. Binti aliona. Siku moja alipitisha kidole kichwani kwa mtoto taratibu, akasimama mahali, akaniambia hapa mama anaishia, hapa baba unaanzia. Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kupapasa pale pale, mara mtoto akapiga chafya, tukacheka.

Ukikasirika una haki yako, na nitaipokea hasira yako nikiwa nimevua kofia yangu mwenyewe. Lakini siwezi kukuambia kwamba najuta. Nimeishi na mdogo wako miaka yote hii, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza tuliyoifanya kwa mikono minne.

Sasa kifungue kikaratasi. Uzi uliofumuliwa haunyooki hapo hapo, unabaki na mikunjo pale vitanzi vilipokuwa. Uzi nilioutumia kwa masikio niliuosha ukanyooka. Huu wa siku zake za mwisho sikuuosha na sikuufuma. Umejikunja kama alivyouacha yeye, hata pale aliporuka unaweza kupaona. Ni wako. Usiuloweshe, usiunyooshe.

Sindano yake nakuomba niendelee kukaa nayo. Muuguzi ameniomba kofia nyingine, watoto njiti hawakosekani pale wodini, na sasa utosi nimeuweza. Nilijifunza kwa kuutazama wa kwake. Birika nimelirudisha mahali pake karibu na kiti, na uzi mpya wa kijani unatokea mdomoni.

Binti anakusalimu sana, na mtoto angekusalimu kama si usingizi. Kasuku anasema goti lako ulipake mafuta ya moto na uache ubishi. Msalimie mwanyumba na wote wa nyumbani kwako. Na wewe, dada, asubuhi ukiwa umekaa na maji yako ya moto, unikumbuke.

Ni mimi shemeji yako,
Fundi Viatu