Diski ya Picha za Mama

Flaviana mwanangu,

Kompyuta yako haitawaka, usiigonge. Maharage yako jikoni, yaongeze maji.

Asubuhi niliitoa diski yake nikaifunga kwenye pleistesheni yangu, ili michezo ienee. Mimi niliyemnasua faru matopeni kwa jeki ya Landrova, nishindwe na skrubu nne? Ikaniuliza jambo kwa Kiingereza. Sikuelewa, na mtalii akikuuliza usichoelewa unajibu "yes", ndivyo nilivyoendesha gari la watalii kule kreta mpaka nikastaafu. Nikabonyeza "yes". Ikafuta kila kitu, na picha zote za marehemu mama yako.

Nimeikimbiza diski kwa fundi Arusha. ~~Nitarudi nazo.~~ Nitarudi jioni.

Wapigie shangazi zako walioko Nainokanoka. Mwenye picha ya mama yako hata moja, hata aliyofumba macho, nitaifuata kwa miguu.

Baba