Mfalme wa Shupaza Mkononi mwa Mjomba

Nyumbani kwa Mama,
Ghorofa ya pili.
Jumapili, 16 Machi

Mpendwa Binamu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kikohozi ulichokilalamikia kimekuachia. Sisi kiafya hatujambo. Shangazi yako anasumbuliwa na magoti, nami nasahihisha insha za wanafunzi mpaka macho yanauma.

Ninalotaka kukueleza linamhusu Mjomba, baba yako. Amenikataza nisikuandikie. Nimelipima katazo lake nikaona halinifungi, ingawa huenda nimejipendelea katika kupima.

Unajua kwamba kila Alhamisi alasiri tunacheza karata za briji, wawili kwa wawili, katika chumba cha nyuma ya duka la sonara, yule yule ambaye Mjomba amemtengenezea saa za wateja kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi hucheza upande mmoja na sonara. Mjomba hucheza na mfamasia wa duka la jirani.

Alhamisi moja ya mwezi uliopita, karata za sonara zilikuwa zimelazwa mezani wazi, ndivyo mchezo ulivyo, nami nikizicheza pamoja na zangu. Miongoni mwazo kulikuwa na ree, karata inayomla hata mfalme, na malkia wa shupaza. Mfalme alikuwa kwa mmoja wa wapinzani. Akiwa kwa Mjomba, aliyeketi kushoto kwangu na kutupa kabla ya karata za mezani, ningeweza kumpenyeza malkia salama. Akiwa kwa mfamasia, malkia angeliwa na mchezo wote ungekwenda na maji. Vitabu vinasema uwezekano ni nusu kwa nusu, na kwamba mtu asithubutu ila akiwa hana njia nyingine, au akiwa anajua jambo. Mimi nilijua jambo.

Nikatupa shupaza ndogo. Mjomba naye akatupa ndogo, na karata zilizobaki mkononi mwake zikagongana kwa sauti hafifu. Nikamcheza malkia. Akapita.

"Hapo umebahatisha, mwalimu," sonara akasema.

"Sikubahatisha. Mkono wa Mjomba hutetemeka akificha karata kubwa. Nimeufuatilia tangu mwezi wa kumi."

"Tangu mwezi wa kumi," sonara akarudia polepole. Akavua saa yake, akaisukuma mezani. "Hebu fundi, nichomolee pini ya huu mkanda."

"Mwache mzee wa watu, hana miwani," mfamasia akasema akicheka.

"Miwani ninayo," Mjomba akajibu, akaivaa.

Alitoa kibanio chake mfukoni, akajaribu mara tatu. Mara ya nne pini iliruka, ikatumbukia katika chai yangu. Sonara akaiopoa kwa kijiko, akaipangusa kwa leso.

"Haya, gawa karata."

Jumatatu iliyofuata, kwenye kiti cha Mjomba dukani aliketi fundi mwingine.

Najiambia sikujua kwamba sonara hajui. Lakini wiki baada ya wiki nilimwona Mjomba akiuficha mkono ule chini ya meza kila sonara, tajiri wake, alipoingia. Kwa hiyo nilijua, au nilikuwa na kila kinachohitajika ili kujua. Nilitaka tu, mara moja, kuonekana hodari. Hata sentensi hiyo siiamini sana. Ina harufu ya mtu anayetafuta kosa dogo la kukiri.

Nilimwomba radhi. "Radhi ya nini, mpwa wangu?" akasema. "Ulihesabu vizuri."

Alhamisi iliyopita alirudi mezani. Sonara alimkaribisha kwa uchangamfu mwingi, kama mgeni. Hali ile ile ikajitokeza, safari hii kwa kopa, nami nikautazama mkono wake. Ulikuwa unatetemeka tangu alipoketi: kwa karata kubwa na ndogo, kwa kikombe, kwa bure. Hakuwa tena na sababu ya kuuzuia. Nikampenyeza malkia, mfamasia akamla.

"Sasa utachungulia wapi?" Mjomba akaniuliza. Alicheka mpaka ikambidi aziweke karata chini, na sonara akacheka naye.

Mpigie simu. Atakwambia yuko likizo; usimbishie.

Nisalimie shemeji na watoto. Shangazi yako anakusalimu sana. Mungu akupe maisha yenye watu wanaokutazama kwa huruma zaidi kuliko nilivyomtazama baba yako.

Ni mimi nikupendaye, kama bado utalipokea neno hilo,
Binamu yako