Siku Kanali Alipocheka Mpwapwa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimerudi kazini. Nyama ya Idd imejaa friji – mama kanifungashia ya kulisha ukoo mzima! Kondoa kulikuwa na baridi tamu. Hapa Dodoma upepo na vumbi, Juni ni Juni.

Sijakaa hata kitini, Dk. Elieza kaniita. Ndiye mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa usalama, na leo uso wake ulikuwa mzito. Wageni wamefika hotelini. Mazungumzo kuanza kesho, kimyakimya, bila waandishi. Nchi mbili za jirani – sitazitaja hata humu. Nitawaita Wa Ziwani na Wa Milimani. Wanagombea bonde moja la malisho lenye mnada mkubwa wa ng'ombe. Mnada umefungwa, wafugaji wameuawa, na sasa majeshi yamesogea mpakani pande zote mbili.

Tathmini ya Dk. Elieza: Milimani watavuka mpaka kabla Julai haijaisha. Nikasema sikubali. Akavua miwani.

"Mwanaidi, wana vifaru pale!"

Wanavyo, ndiyo. Lakini kwenye picha za setilaiti sioni malori ya mafuta, wala hospitali ya mahema. Jeshi linalotaka kuvuka haliendi hivyo. Hawa wamekuja kutisha – na wao wenyewe wana hofu.

Akasema sisi Warangi wa Kondoa ni wabishi tangu kuumbwa. Halafu: basi kesho utayasema mwenyewe mbele ya Balozi. Mimi!

Jumanne, 10 Juni

Nimesema!

Balozi Hilda ndiye msuluhishi. Mstaafu, mwembamba, sauti ndogo – lakini akinyamaza, chumba kizima kinanyamaza. Shikamoo yangu ilitoka kama ya mtoto wa chekechea. Dk. Elieza alitangulia, akaeleza hofu yake vizuri sana, hata mimi nikaanza kumwamini. Kisha zamu yangu. Nikaanza na Kiingereza cha ripoti, "posture" mara "deterrence". Balozi akainua kidole.

"Mwanangu, hao walioko bondeni hawajui hayo maneno. Niambie wanataka nini."

Nikamwambia. Milimani wanataka njia ya kupitisha ng'ombe wao kwenda mnadani bila kuporwa. Ziwani wanataka ushuru wa mnada na heshima yao. Hakuna anayeitaka ile ardhi kwa ajili ya ardhi.

"Na ukikosea?"

"Watu watakufa, mama."

Aliandika kitu, akaniambia nikanywe chai.

Na kwenye chai ndipo! Nyuma yangu kwenye foleni ya maandazi, bwana mmoja wa msafara wa Milimani, mcheshi, anajitambulisha kwa mhudumu: anaitwa Abbasi, ni daktari wa mifugo. Nusura nimwage kikombe. Nani analeta daktari wa ng'ombe kuja kutangaza vita? Nilikimbia kumwambia Dk. Elieza. Alikuna kidevu, akasema, "Hmm." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya. Kiongozi wa Milimani ni Kanali, mrefu, haonyeshi jino. Wa Ziwani ni Jenerali mstaafu, mnene, anapumua kwa hasira. Asubuhi nzima kila mmoja kaongea na Balozi tu, kana kwamba mwenzake hayupo mezani. Ramani ilipotandazwa ilikuwa kelele. Jenerali akaikunja kwa mikono yake mwenyewe!

Mchana nikatoa wazo. Tuwatoe kwenye ile ramani. Tuwapeleke Mpwapwa, kituo cha utafiti wa mifugo, wakaone madume ya ng'ombe.

Dk. Elieza alicheka mpaka akakohoa. Unataka diplomasia ya zizini?

Balozi hakucheka. "Tafuteni Kosta. Moja tu. Wapande wote humo."

Alhamisi, 12 Juni

Naandika huku natabasamu peke yangu kama chizi.

Safari ilianza kimya. Kanali mbele kabisa, Jenerali nyuma kabisa. Mbande, Kongwa – hakuna neno. Pale Kongwa Balozi akawaambia tu kwamba zamani wapigania uhuru wa kusini walikuwa na kambi zao hapo. Jenerali akageuza shingo, akaangalia nje muda mrefu.

Mpwapwa wakatuonyesha madume. Wekundu, wametulia, ngozi inang'aa. Mwenyeji wetu alikuwa anaeleza mambo ya mbegu, mara Jenerali akapita katikati ya watu, akamshika dume mdomo, akautanua, akatazama meno. Na suti yake! Akatangaza: miaka minne.

Nyuma kukatoka sauti. "Mitano."

Kanali! Neno lake la kwanza kwa Jenerali tangu waje.

"Minne, kijana. Nimechunga kabla hujazaliwa."

"Nami nimezaliwa zizini, mzee. Mitano."

Wakawekeana dau la beberu. Watu wote tukageuka kumtazama mwenyeji. Akafungua kumbukumbu, akakohoa kidogo kwa adabu: minne na miezi miwili. Jenerali akapiga kofi paja lake. Na Kanali – Kanali alicheka! Kicheko kikubwa, cha tumboni, dume akashtuka na kurudi nyuma. Abbasi naye akawa anafuta machozi.

Chakula cha mchana ugali wa uwele na mlenda na nyama ya kuchoma. Hakuna aliyewapangia viti Kanali na Jenerali. Wakakaa pamoja. Nilikuwa mkabala nao, nikajifanya nahangaika na mfupa. Kanali akamwambia mwenzake kwamba vijana wake kule mpakani wananunua maziwa kwa wafugaji wa Ziwani kila asubuhi. Jenerali akajibu anajua. Vijana wake nao wanauza sigara upande wa pili.

Dk. Elieza alinisukuma kwa kiwiko. "Natamani niwe nimekosea," akanong'ona. "Sijawahi kutamani hivi."

Mama kapiga jioni. Nimemwambia niko na wageni tu. Hakuuliza ni akina nani. Kauliza wamekula nini!

Jumamosi, 14 Juni

Risasi zimepigwa bondeni alfajiri. Ya Rabi.

Nilipofika hotelini Wa Milimani walikuwa wanashusha mabegi. Simu zinalia kila kona. Kila upande unasema umeshambuliwa. Balozi kanivuta pembeni: hii ni nini, Mwanaidi?

Nilitaka kusema kitu cha kitaalamu. Nikasema sijui, mama. Nisingependa kukisia leo.

Akaitikia kwa kichwa polepole, akasubiri. Ndipo nikaongeza: tusiwaache wapige simu kila mmoja chumbani kwake. Wapige pamoja. Simu moja, spika wazi. Dk. Elieza akaniunga mkono mara moja, tena kwa sauti kubwa, tena mbele ya watu. Alisema kama makosa ni yake au yangu tutajua baadaye, ila huo ndio utaratibu.

Kanali alisita. Kisha akaweka begi chini.

Wakampigia ofisa wa Kanali aliyeko bondeni. Mtandao unakatika, upepo unavuma. Wezi wa mifugo, akasema. Wameswaga ng'ombe usiku wakielekea kusini. Doria yangu imewafukuza, nao wa Ziwani wamewazibia mbele.

"Nani aliwaita wa Ziwani?" Kanali akauliza kwa ukali.

Halafu yule ofisa, kwa aibu: "Mimi, afande. Nina namba ya mwenzangu wa upande wa pili. Yule wa... wa sigara."

Jenerali alicheka wa kwanza. Ng'ombe wote wamepatikana, mchungaji mmoja wa Milimani kaumia mguu, anatibiwa – na hospitali ya upande wa pili! Nimetoka nje nikalia kidogo ukutani. Kwa furaha. Dk. Elieza akaniletea soda, akasimama kando.

Jumatatu, 16 Juni

Naandika koridoni, kiti cha plastiki, daftari juu ya goti. Tumetolewa nje, wataalamu wote. Ndani ni Balozi na hao wawili, na Abbasi waliyemwita wenyewe.

Asubuhi walikubaliana doria ya pamoja. Mdomo tu, bado hakuna kalamu. Ushuru wamegawana kwa shida. Sasa lisaa na kitu hakuna anayetoka. Mhudumu kaingiza chai, karudi nayo haijaguswa.

Sasa kelele! Jenerali anapiga meza. Dk. Elieza kasimama, rangi imemtoka. Basi, anasema, limeharibika, tulijua tu.

Nimeenda mlangoni. Najua si adabu. Nimetega sikio.

"Jumatano!" anafoka Jenerali. "Watu wangu Jumamosi wako mashambani!"

"Jumamosi!" anajibu Kanali. "Jumatano ng'ombe hawajafika, wanaanza safari siku hiyo, wanatembea siku nzima!"

"Jumatano!"

Namfanyia Dk. Elieza ishara asogee. Anasogea, anainama, anasikiliza. Ananiangalia mdomo wazi.

Wanagombana, ndiyo. Wanagombania siku ya mnada.

Balozi sasa anauliza kuhusu Alhamisi – katikati ya Jumatano na Jumamosi!