Kipochi Namba Saba

Mshauri wangu mpendwa wa redioni, msaada nauhitaji tena haraka, ila kwanza nikwambie kwamba mtaa mzima unaisimulia habari hii vibaya, muuza mitumba anasema niliiba, kinyozi anasema nilikipindua kipochi cha watu ndani nje nikakishona kama soksi, waongo wote wawili, kinyozi mwenyewe hajui hata sindano inaingia uzi upande gani, mimi ndiye niliyekuwepo na mikono iliyofanya ni hii hii, kwa hiyo ukweli ninao mimi, na anayeniandikia ni msusi wa kibanda cha jirani kwa sababu shule mimi niliiona kwa nje nikipita, nimemwambia aandike kila neno hata asilolipenda.

Mimi ni fundi viatu, na si fundi wa kuokoteza. Nimewahi kushona buti lililotafunwa na mbwa, mbwa akaja kulinusa asilijue. Kiatu nikishakigusa mimi, mwenyewe akija kukichukua anakiruka, anauliza, "Fundi, changu kiko wapi?" Nilikuwa najisifia hilo miaka yote, na ndilo lililoniponza.

Binti yangu anafanya kazi za ndani kwa mama mmoja mwenye uwezo, huu mwaka wa tisa, anamwita Madam, na huyo Madam anakusanya vipochi vya zamani, vile vidogo vya kwendea sherehe ambavyo hata kitana hakiingii, kavijaza kabati zima la vioo na ufunguo kampa binti yangu peke yake. Jumamosi binti akaniletea kimoja, kadiri ya chungwa, shanga nyeusi kotekote, mdomo wa fedha. Akasema, "Baba, Madam anaomba ukaze kibanio, hakifungi. Kibanio tu. Tu, Baba, umenisikia?" Nikamwambia, "Viatu vyako vya kwanza alishona nani, Madam?"

Kibanio nilikimaliza kwa kugonga mara mbili. Hapo ningeweka nyundo chini nikanywa chai yangu. Lakini nikachungulia ndani nikakionea huruma, bitana ya hariri imekuwa njano na imechanika, nikaing'oa nikatia nailoni ya mwavuli ambayo hata ukichotea maji haivuji, mdomo wa fedha ulikuwa umeingia weusi nikaupiga msasa ukang'aa kama sufuria ya bibi harusi, shanga nikazipaka dawa ya viatu moja moja mpaka macho yakauma. Na ndani kulikuwa na kiulimi cha ngozi, kimegongwa alama ya aliyekitengeneza na namba saba, kimekauka kama biskuti. Nikakikata. Nikakiweka pembeni ya kiti, panya akapita nacho. Panya wa kwangu ni wakubwa, mshauri, kuna mmoja tunasalimiana.

Jumatatu binti akaja kukichukua. Nilipompa akakaa kwenye kigoda cha wateja, kipochi mapajani.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekifufua."

"Hiki sicho."

"Ndicho! Mimi nitakibadilisha na nini, na kandambili?"

"Mimi najua ndicho, Baba. Madam ndiye atakayesema sicho."

Ndipo akanieleza. Vilitengenezwa kumi na viwili tu, fundi wake kafa zamani, na hiki ni cha saba, ule uzee wake ndio thamani yake, ile njano, ule weusi, ile namba. Na Ijumaa anakuja mtaalamu wa vipochi kutoka mbali kukikagua, wakipeleke kwenye maonyesho. Atakifungua atafute saba, akute mwavuli. Na mwenye ufunguo ni nani? Mwaka jana pete ya Madam ilipotea, mpishi wa pale akapakiwa kwenye gari la polisi na aproni yake, baada ya wiki mbili pete ikaonekana kwenye mfuko wa koti, lakini mpishi hakurudi tena, na hakuna aliyemwomba radhi. Binti alinisimulia haya hatazami uso wangu. Tangu hapo hatulii. Anaosha sahani zilizo safi.

Mshauri, mimi naogopa. Gari likisimama mbele ya kibanda najifanya natafuta msumari chini ya meza, na sitoki mpaka liondoke. Jana nimejigonga dole gumba mara tatu, mimi niliyekuwa nashona huku nasinzia. Kila nikifumba macho namwona mtoto wangu na aproni. (Hapa msusi amesimama kuandika, anapenga kamasi. Andika na hilo.)

Sasa swali langu. Ngozi kavu ya zamani ninayo, msumari wa moto ninao, na mkono wangu unaujua. Naweza kugonga saba nyingine nzuri kuliko ile, hata aliyekitengeneza akifufuka aseme ni yake. Nigonge? Au nimwambie binti akiri mwenyewe, maana yeye Madam anampenda? Nijibu Jumatano kwenye kipindi, redio nitaiweka sikioni kama simu.

Haya, na jambo moja. Hilo la panya nimelitunga. Hata binti nilimwambia hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba sisi mafundi viatu hatutupi ngozi, na Jumamosi ile ile sajenti wa kituo cha hapa alileta kiatu kinachomchoma kisigino, nikahitaji kipande cha kuweka chini ya soli ya ndani, na mkono ukakuta kiulimi kile kiko karibu. Ameondoka nacho. Anakikanyaga kila siku, na akiitwa kwa Madam kwenda kukamata mtu, atakwenda nacho.

*

Mzee wangu, nilicheka mpaka nilipofika kwenye habari ya mpishi. Baada ya hapo sikucheka tena, na wewe acha kuchekesha watu kidogo tuongee.

Uliambiwa kibanio tu. Binti alilisema mara mbili kwa sababu anakujua. Hukumsikia, kwa kuwa ulikuwa unasikiliza sifa zako. Ningekugombeza zaidi, ila naona umeshajigonga dole mara tatu, inatosha.

Usigonge saba nyingine! Mkono uliokuletea balaa ndio unataka kuuongezea kazi? Sasa hivi umeharibu kitu cha mtu kwa ujinga, na ujinga unasameheka. Ukigonga namba ya bandia utakuwa umeghushi, na atakayeshikwa nayo ni mwenye ufunguo. Utakuwa umempakia mwanao kwenye lile gari kwa mikono yako.

Na wazo la binti kwenda kukiri mwenyewe, sitaki kulisikia tena. Akiri nini? Alileta kazi, akaeleza kazi. Kosa ni lako lote.

Zima redio nikimaliza, nenda kituoni kwa miguu yako. Najua unaogopa. Mwambie sajenti, "Afande, kwenye kiatu chako niliweka kipande kisicho changu." Atakutazama vibaya, halafu atavua kiatu, maana hakuna anayetaka kutembea juu ya matata ya watu. Kitoe taratibu. Kikitoka kimechafuka, kiache kimechafuka. Usikioshe, usikipake chochote, mzee, nakuomba. Kisha itafute ile hariri ya njano. Uliyosema ya kwamba hamtupi ngozi yamenipa tumaini kuwa hata kitambaa hukutupa. Kama unafutia miwani, koma leo. Tia vyote kwenye mfuko mmoja pamoja na kipochi.

Kwanza kabisa, mwambie binti yako habari ya panya. Amekuwa akimlaumu mnyama.

Alhamisi asubuhi nendeni kwa Madam, kabla ya huyo mtaalamu. Siwezi kukuahidi kwamba atakuelewa. Fedha uliyoipiga msasa haitarudisha weusi wake, na huenda akakufukuza na maneno ambayo hujawahi kuyasikia hata kwa wateja wako. Yapokee. Lakini namba saba ikiwa mezani mbele yake, hakuna atakayesema kipochi kimebadilishwa, na hilo ndilo unalolitafuta, au siyo?

Usianze na habari za buti na mbwa. Binti asimame nyuma yako. Mlango ukifunguliwa, kabla Madam hajamtazama yeye, sema: "Ni mimi."