Damu ya Bi Salma na Maji ya Mferejini

Kwa Dada Mwikali,

Salamu kutoka kwa mdogo wako anayeiva kwa joto la Mombasa. Kazi yangu ni kuchota maji ya bahari karibu na mfereji wa maji taka, kuyatia kwenye seli za damu ya mtu, kisha kuangalia kwa hadubini kama yanaharibu DNA. Wewe ungezimia kwa kuiona sindano tu.

Bi Salma, anayeniuzia viazi karai Makadara, aliniuliza natumia damu ya nani. Nikamwambia ni yangu.

"Damu ya bara, mwanangu? Bahari haiijui hiyo. Toa yangu. Wajukuu wangu huogelea pale."

Leo nimemwonyesha. Seli zake zilizolowa maji yale zimeota mikia, alama ya DNA iliyokatika. Alitazama, akajitanda buibui lake, akaenda kuwatoa wajukuu majini.

Jioni wasichana wawili wakanijia mlangoni wamenuna.

"Ni wewe uliyetunyima bahari?"

Nikakubali kuwa ni mimi.

Nibusie watoto, dada, wala usiwaambie kwamba mama yao mdogo siku hizi ni adui wa waogeleaji. Nawapenda sana.

Nduguyo,
Syombua